Udongo wa Mbali

Jumapili saa nane nafungua dirisha la tiketi,
Katuba, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga mahindi,
na unga unatua juu ya programu za mbio
kama poda kwenye mashavu ya bibi harusi.
Farasi wanakimbia Ulaya. Sisi tuna skrini
na jenereta inayokohoa.

Wengine huchagua kwa ndoto, kwa tarehe ya kuzaliwa,
kwa namba ya kitanda cha hospitali alikolala mama.
Mwilambwe hachagui. Anauliza kwanza:
"Jana kule kulinyesha?"

Miaka ishirini na sita alisukuma maji mgodini,
mtu wa pampu, buti hadi mapajani.
Farasi hajamshika hata mkia.
Matope, hayo anayajua.
Anasema maji hayana adabu, humwendea aliye chini,
na uwanja ule umeinama kidogo kwa ndani, kando ya uzio;
ukilowa, njia fupi ndiyo njia ndefu.
Kwa kalamu ya risasi iliyobaki inchi moja
anaandika mbio nne za mwanzo bila kucheza:
nani alishika uzio, nani alimaliza akitambaa.
Ya tano ndipo leso ya franka inapofunguliwa.

Majina ya Kifaransa yanamchosha ulimi.
Huwabatiza upya kwa watu wa zamu yake:
anayeruka lango likifunguka tu ni Mukalayi,
wa kwanza kwenye lifti, wa kwanza kwenye bia;
anayekaa wa tatu, wa nne, akinusa, ni Tshikuta;
na yule anayesinzia nyuma hadi kona ya mwisho
kisha akaja kwa nje, peke yake,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
huyo ni Kaumba.

Nyuma ya daftari, kwa mwandiko wa shule ya mapadri:

*Mtangulizi mpweke, aongozapo mapana,*
*Pumzi ni mali yake, wa nyuma watalumbana;*
*Wawili wakija kwake, mbele watamalizana,*
*Ndipo mvivu acheke, aliyelala mchana.*

Siku moja nilimuuliza: mbona humchezei Mukalayi
tangu mvua zianze?
Akalamba ncha ya kalamu.
"Mukalayi alipenda kupita ndani, kando ya ukuta.
Nilimwambia pampu ya pili imekufa,
maji yamelainisha upande ule.
Akacheka. Akatangulia."
Kisha akadai chenji yake, franka mia mbili,
nami nikamhesabia polepole, noti moja moja.

Leo, mbio ya tano. Ardhi nzito. Watangulizi watatu.
Hata mimi nimeanza kuona:
wanabanana kwenye uzio, matope hadi kifuani,
kila mmoja anakula pumzi ya mwenzake,
na nyuma kabisa, kofia ya njano, Kaumba
anaanza kuhamia nje, nje, kwenye majani makavu,
kibanda kizima kimesimama, mtu amenikanyaga,
mtu anaita jina la mkwewe —
jenereta ikakohoa, ikanyamaza.

Skrini nyeusi. Mashine ya unga peke yake
inasaga, inasaga.

Picha iliporudi, farasi walikuwa wanatembea tu,
mvuke ukiwatoka mgongoni.
Tshikuta wa kwanza. Kaumba wa pili, kwa pua.

Mwilambwe akaikunja tiketi mara nne,
akaiweka pale inapokaa sigara.
"Uwanja umesema kweli," akasema.
"Kaumba ndiye amechelewa kuamka. Hata zamani
tulikuwa tunampigia dirisha."
Akacheka mpaka akashika nguzo.

Akatoka. Usiku ilikuwa imenyesha,
na barabara yetu nayo imeinama.
Vijana walikata katikati, wakazama hadi vifundoni.
Yeye akazunguka kwa nje,
taratibu, akipapasa udongo kwa kisigino.
Nilifunga dirisha, nikapangusa unga kwenye kufuli,
nikapita alikopita.